Kuuzisha tablo kwa kusaidia makumbusho ya universite: mambo ya kufahamu

Kila mara tukipitisha habari juu ya makumbusho, kuko swali moja linarudi ku simu ya radio. Mtu anapiga, anauliza: juu ya nini makumbusho iko na masanamu mengi yamelala mu chumba cha giza, na huku paa inavuja? Wauzishe mawili matatu kwa wageni, wanunue mabati, mambo yaishe. Wengine wanauliza kinyume. Wamesikia kwamba wachoraji na wanafunzi wa mahali fulani wanapanga kuuzisha tablo kwa kusaidia makumbusho, na wanashtuka: je, huko si kuuzisha urithi wa wakubwa wetu?

Maswali yote mawili ni ya haki, lakini yanachanganya vitu viwili ambavyo havifanani. Tuvitenganishe kwanza, kisha tuone namna gani watu wanaweza kupanga uuzishaji wa namna hiyo bila kugombana mwishoni.

Jina moja, mambo mawili

Uuzishaji wa kwanza ni huu: watu wanaleta kazi ya mikono yao. Mchoraji analeta tablo mbili, mama anayesuka vitunga analeta vitunga vitatu, mwanafunzi wa sanaa analeta picha zake, mchonga sanamu analeta kazi aliyomaliza wiki iliyopita. Vinapangwa mu sale moja, bei imeandikwa pembeni, wakaaji wanakuja kununua. Sehemu ya franga inaenda kwa mwenye kazi, sehemu nyingine inaingia mu kasha ya makumbusho. Hakuna kitu hata kimoja cha makumbusho kinachotoka. Kesho yake chumba cha vitu vya zamani kiko vile vile kilivyokuwa, na pengine mlango wake umepata kufuli mpya.

Uuzishaji wa pili ni wakati makumbusho yenyewe, ao universite yenye kuimiliki, inachukua kitu cha ndani ya mkusanyo wake na kukipeleka ku soko. Hapo kitu kinaenda bila kurudi. Franga zinaweza kuwa nyingi sana, na ndiyo maana kishawishi kiko kikubwa, zaidi sana kwa universite yenye deni.

Kuko kanuni ya dunia juu ya jambo hili. ICOM, shirika linalounganisha makumbusho ya ulimwengu tangu 1946, lilipitisha kanuni zake za maadili mwaka wa 1986, likazitengeneza upya mwaka wa 2004. Kanuni hizo zinasema mkusanyo wa makumbusho si akiba ya benki. Kama kitu kinatolewa na kuuzishwa kwa sababu nzuri, franga zake zitumike kwa faida ya mkusanyo tu, na kwa kawaida kwa kununua vitu vingine vya kuingia mu mkusanyo uleule. Ni kusema: mshahara hapana, deni la universite hapana. Yule msikilizaji wetu wa mabati anaweza kukasirika, lakini kanuni iko na sababu yake. Ukianza kula mbegu, mwaka unaokuja utapanda nini?

Tablo ya dola 2.500

Mfano unaoonyesha vizuri tofauti ya mambo haya mawili unatoka mbali, mu mji wa Lynchburg, jimbo la Virginia, Marekani. Ninauleta juu ndani yake uuzishaji wa kwanza na wa pili vilikutana ku tablo moja.

Mwanzoni mwa karne ya 20 kulikuwa pale chuo cha wanawake kinachoitwa Randolph-Macon Woman's College. Mwalimu wao wa sanaa, mama Louise Jordan Smith, alianzisha mwaka wa 1911 maonyesho ya tablo ya kila mwaka, kusudi wanafunzi waone kazi za kweli na si picha za ndani ya vitabu tu. Mwaka wa 1920 wanafunzi na wakaaji wa mji walichangishana franga, wakafikisha dola 2.500, wakanunua tablo moja kwa ajili ya chuo. Ilichorwa mwaka wa 1912 na George Bellows na inaitwa Men of the Docks. Inaonyesha wanaume wa kazi ya siku mu bandari ya New York, wakati wa baridi, wamesimama pembeni ya meli kubwa. Mtu wa Goma, wa Kalemie ao wa Uvira akiiona hatahitaji maelezo. Wale wanaume wanangojea kuitwa kupakua mizigo, na sura zao zinaonyesha kwamba si wote watakaoitwa.

Tablo hiyo ikawa mwanzo wa mkusanyo. Miaka ikapita, chuo kikapata makumbusho yake, Maier Museum, na kila mwanafunzi aliyepita pale aliiona. Kisha chuo kikaanza kuwa na shida ya hesabu. Mwaka wa 2007, wakati ule ule kilipoanza kupokea pia wanaume na kubadili jina kuwa Randolph College, wakubwa wake waliamua kuuzisha tablo nne. Siku ya kwanza ya mwezi wa 10 zilitolewa mu makumbusho na kupelekwa, polisi wakiwa ndani ya nyumba. Watu wa mji wakaenda kortini. Mwaka wa 2008 tablo moja kati ya zile nne, ya mchoraji wa Mexico Rufino Tamayo, iliuzishwa ku mnada kwa dola milioni 7,2. Na mwaka wa 2014 ile ya Bellows ilinunuliwa na National Gallery ya London kwa dola milioni 25,5. Shirika la wakurugenzi wa makumbusho ya sanaa ya Amerika likaadhibu makumbusho ya chuo: makumbusho mengine yaliambiwa yasiiazime vitu wala yasifanye nayo maonyesho.

Dola 2.500 zikawa milioni 25,5. Mtu wa hesabu atasema ni biashara nzuri kuliko zote. Na tusiwe wepesi kuhukumu: mu karatasi, tablo ilikuwa mali ya chuo, na chuo chenye kufungwa hakisaidii mwanafunzi yeyote. Lakini wale waliochanga mwaka wa 1920 walitoa ili tablo ikae Lynchburg. Leo mtu wa Lynchburg anayetaka kuiona anapanda ndege kwenda Uingereza.

Kuko mifano mingine, tuipite haraka. Fisk University, universite iliyoanzishwa Nashville mwaka wa 1866 kwa ajili ya watu weusi waliotoka utumwani, ilipewa mwaka wa 1949 kazi 101 za sanaa na mchoraji Georgia O'Keeffe, kwa masharti kwamba zisiuzishwe. Mwaka wa 2005 universite, ikiwa na shida ya franga, ilitaka kuuzisha baadhi. Kesi ilivutana miaka saba. Mwaka wa 2012 ikaisha hivi: nusu ya umiliki iliuzishwa kwa makumbusho ya Crystal Bridges, mu jimbo la Arkansas, kwa dola milioni 30, na kazi hizo zinakaa miaka miwili huku, miaka miwili kule. Kwa hiyo hata masharti ya kuandika hayafungi mlango wote. Lakini bila masharti hayo, mkusanyo wote ungeweza kuondoka kabisa.

Brandeis University, karibu na Boston, ilitangaza mwaka wa 2009 kwamba itafunga makumbusho yake ya Rose na kuuzisha kila kitu. Wanafunzi, maprofesa na waliotoa zawadi walipiga kelele, na mwaka wa 2011 mambo yakasuluhishwa, makumbusho ikabaki. Universite ya Iowa nayo iliingiliwa na maji ya mafuriko mwaka wa 2008, na tablo yake kubwa ya Jackson Pollock, ambayo bei yake inahesabiwa zaidi ya dola milioni 100, ikaokolewa. Wanasiasa wengine wakasema iuzishwe. Haikuuzishwa. Mwaka wa 2022 nyumba mpya ya makumbusho ilifunguliwa na tablo iko ndani.

Juu ya nini universite iko na makumbusho

Wengine watasema mambo haya ni ya wazungu wenye mamilioni. Lakini universite haitunzi vitu kwa kupamba ukuta. Mwanafunzi wa historia anahitaji kushika chungu cha udongo cha zamani, wa jiolojia anahitaji mawe, wa mimea anahitaji majani yaliyokaushwa na kuandikwa jina na mahali yalipookotwa. Ukifika Lwiro, mu teritwari ya Kabare, utaona vile kituo cha utafiti kilichoanza mwaka wa 1947 kilivyokusanya mimea, wanyama na vitu vya maisha ya watu. Jani lililokaushwa kabla ya uhuru linaweza kumwambia mtafiti wa leo ni mti gani ulikuwa unaota mahali ambapo sasa kuko mashamba tu. Kitu kama hicho hakina bei ku soko, lakini kikioza hakirudi.

Na kwetu kinaoza haraka. Unyevu wa ziwa, vidudu vinavyotoboa mbao, panya, mvua inayopita penye msumari wa bati. Franga za universite zinaenda kwanza kwa mambo yanayopiga kelele, na jani lililokaushwa halipigi kelele.

Jirani zetu wa Uganda walipitia njia hii. Makumbusho yao ilianza mwaka wa 1908 Kampala. Mwaka wa 1941 ilihamia Makerere, mu shule ya sanaa ya Margaret Trowell, yule mama aliyeanza kufundisha kuchora mwaka wa 1937 ku baraza ya nyumba yake. Ni kusema vitu vya zamani vya nchi vilihifadhiwa na shule ya wachoraji. Kisha franga zikachangwa kwa kujenga nyumba ya kudumu, na mwaka wa 1954 makumbusho ikahamia kilima cha Kitante, ambapo iko mpaka leo.

Kwetu neno "kuuzisha" linauma

Hapa Kongo, ukisema makumbusho na kuuzisha mu sentensi moja, watu wanakaza uso, na wako na sababu. Kati ya mwaka wa 1976 na 1982 makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji, ilirudisha vitu 114 kwa Institut des Musées Nationaux ya Kinshasa, iliyoanzishwa mwaka wa 1970. Kisha baadhi ya vitu hivyo vilipotea mu stoki ya Kinshasa na kuonekana tena ku masoko ya sanaa ya Ulaya. Vilitoka kwa mlango, vikarudi kwa mlango, vikatoka kwa dirisha. Tangu pale, kila anayesema makumbusho yetu hayafai kurudishiwa vitu anatumia habari hiyo. Makumbusho mpya ya taifa, iliyojengwa na Korea ya Kusini na kufunguliwa Kinshasa mwezi wa 11 mwaka wa 2019, ingali inajibu swali hilo.

Kuko habari nyingine ambayo watu wachache wanaifahamu, na inagusa moja kwa moja tablo, universite na Kiswahili chetu. Mwaka wa 1973 na 1974, mchoraji wa Katanga, Tshibumba Kanda Matulu, alichora historia yote ya nchi, toka wakubwa wa zamani mpaka Lumumba na Mobutu. Ni tablo 101. (Ndiyo, hesabu ileile ya Fisk, ni bahati tu.) Mnunuzi alikuwa Johannes Fabian, profesa Mjerumani aliyefundisha wakati ule universite ya Lubumbashi. Walizungumza juu ya kila tablo, mu Kiswahili cha Katanga, kaseti inarekodi. Kitabu kilitoka mwaka wa 1996. Tablo zenyewe zilifika Tropenmuseum ya Amsterdam. Tshibumba hakuonekana tena baada ya miaka ya kwanza ya 80.

Sisemi profesa alifanya vibaya. Alilipa, alisikiliza, aliandika maneno ya mchoraji vile alivyoyasema, na pengine bila yeye tablo hizo zingetawanyika mu saloni za watu na kuliwa na moshi. Lakini fikiri: mchoraji anatafuta mnunuzi, universite iko mu mji uleule, na mwishoni historia ya Kongo iliyosimuliwa kwa Kiswahili inakaa Uholanzi. Kama mwaka wa 1974 kungekuwa na kasha ndogo kwa kununua hata tablo kumi zibaki Lubumbashi, mwanafunzi wa leo asingeomba viza kwa kuziona. Ndiyo kazi ambayo uuzishaji wa wakaaji unaweza kufanya: si mabati peke yake, pia franga za kununua kazi ya mchoraji wa hapa kabla mgeni hajaibeba.

Tuongeze hili. Tangu mwaka wa 2000, mu mradi wa Mémoires de Lubumbashi, watafiti wa universite walipanga maonyesho ku makumbusho ya mji, na wakaaji wakaombwa kuleta vitu vyao vya kila siku na kumbukumbu zao. Wasiokuwa na franga walikuwa na kitu cha kutoa.

Namna ya kupanga, toka karatasi mpaka kasha

Jambo la kwanza ni karatasi. Uuzishaji unaotumia jina la makumbusho bila barua ya wakubwa wa universite ni biashara ya mtu, hata kama ana nia nzuri. Barua iseme ni nani anapokea franga, zinaingia mu konti gani, na zitafanya kazi gani. Kazi moja, yenye kuonekana. "Kusaidia makumbusho" haitoshi. "Kununua kabati kumi za chuma za kutunzia mimea" inatosha, na mwaka unaokuja watu wanaweza kuja kuhesabu kabati.

La pili ni sehemu ya mchoraji, na hapa nitasema wazi ninavyofikiri. Mara nyingi waandalizi wanamwambia mchoraji: toa tablo bure, ni kwa ajili ya jamii, utajulikana. Ninaona ni kosa. Mchoraji wa kwetu ananunua rangi kwa dola, analipa kitambaa, analipa nyumba. Daktari haombwi kuchanga operesheni moja. Kugawa nusu kwa nusu ni njia ambayo watu wengi wanaikubali. Njia nyingine: mchoraji anasema bei yake ya chini, anaipata yote, na makumbusho inapokea kinachozidi. Anayetaka kutoa yote atoe, lakini asilazimishwe na aibu.

Niliwahi kufuatilia uuzishaji mmoja wa namna hii mu mji wetu, sitataja nani aliupanga. Tablo ziliuzishwa vizuri siku ya kwanza, watu wakapiga makofi. Mzee mmoja mchoraji alirudi ofisini wiki iliyofuata kuchukua sehemu yake, wakamwambia mwenye funguo amesafiri. Alirudi mara tano. Alilipwa baada ya miezi miwili, kwa franga za Kongo, wakati wanunuzi walilipa dola, na kwa hesabu ya kubadilisha ambayo yeye hakuielewa. Mwaka uliofuata walipomwita tena, aliwaambia kwa heshima kwamba mkono unamuuma.

Kwa hiyo mlipe mchoraji siku ileile, ao mwandike tarehe na muiheshimu. Na muandike kila kitu mu buku moja: nambari ya kazi, jina la aliyeitengeneza, urefu na upana, bei, nani alinunua, alilipa kwa njia gani. Buku hilo lishikwe na watu wawili wasio wa familia moja. Mnunuzi apewe resu yenye nambari ileile. Dola iliyochanika kidogo mnaijua, hakuna atakayeipokea ku benki, basi anayekaa ku meza aangalie kila noti. Simu inasaidia sana, juu M-Pesa na Airtel Money zinaacha alama ya kila malipo, lakini nambari ya kupokea iwe ya makumbusho na si ya katibu.

Tuchukue mfano wa hesabu, ni mfano tu. Kazi 30 zimeuzishwa, kwa wastani dola 50 kila moja. Ni dola 1.500. Wachoraji wanachukua nusu, 750. Sale, viti, jenereta, mabango na usafiri vinakula 250. Makumbusho inabaki na dola 500. Wengi wanashangaa kiasi hicho kinapotoka kidogo vile. Ni vizuri kukihesabu mbele, kusudi mtu asiahidi nyumba mpya mahali ambapo kuko franga za kabati mbili.

Bei nayo iko na siri yake. Kama kila tablo ni dola 100 na zaidi, watakuja watu wa mashirika peke yao, na wakaaji watasimama ku mlango wakiangalia. Royal College of Art ya London ilianzisha mwaka wa 1994 uuzishaji wa kadi za posta zilizochorwa kwa mkono. Zote bei moja, na sahihi ya mchoraji iko nyuma, huioni mpaka umelipa. Pengine umenunua kazi ya mwanafunzi, pengine ya mchoraji mwenye jina kubwa. Watu walikesha mustari. Franga zilisaidia wanafunzi. Kwetu jambo kama hili linaweza kufanyika na vipande vya kadibodi, na mwalimu wa shule ya msingi atarudi nyumbani na kitu chake. Kisha mwishoni mwa siku, tablo mbili tatu kubwa ziende ku mnada, kila mtu anapandisha bei, na hapo watu wa mashirika waonyeshane nguvu.

Ku sanaa yetu wanunuzi wa kawaida wanajua wanachotaka, na msiwadharau. Saloni nyingi zilipambwa na mamba muntu, na Colonie belge, na ile tablo ya mtu juu ya mti: simba chini, nyoka ku tawi, mamba mu maji. Mtaalamu fulani atasema hizo ni kazi za kurudia rudia. Zinaweza kununuliwa na mama wa soko, basi ziwe ku meza.

Kitu kimoja wengi hawajui: ukinunua tablo, umenunua kitambaa na rangi iliyo juu yake. Haki ya kuipiga chapa ku kalenda, ku kitenge ao ku bango inabaki kwa mchoraji. Sheria ya tarehe 5 mwezi wa 4 mwaka wa 1986 juu ya haki za watunzi inamlinda. Waandalizi wanaotaka kutumia picha ya tablo ku tangazo lao wamwombe kwanza, kwa maandishi.

Vitu visivyofaa kuonekana ku meza

Kila uuzishaji ukitangazwa, atafika mtu na mfuko. Ndani ya mfuko kuko sanamu ndogo nyeusi, anasema ni ya babu yake, anaomba iuzishwe na nusu iende kwa makumbusho. Jibu ni moja: hapana.

Chukua vitu vya bwami, kwa Walega wa Mwenga, Shabunda na Pangi. Sanamu ndogo ya pembe ya tembo ao kinyago cha mbao havikuwa pambo. Vilikuwa alama ya daraja ambayo mtu amefikia ndani ya bwami, na akifariki vilipita kwa mwingine kwa utaratibu wao; vingine vilikuwa vya kundi lote. Mwaka wa 1948 serkali ya kikoloni ilipiga bwami marufuku, na ndani ya miaka hiyo vitu vingi vilienda Ulaya na Amerika. Anayeleta kimoja leo, hata kama alikikuta kweli mu sanduku la babu, pengine hana haki ya kukiuzisha peke yake. Makumbusho inaweza kumpokea kwa njia nyingine: kumsikiliza, kuandika habari ya kitu, kumshauri aongee na wazee wa familia.

Pia kuko sheria. Ordonansi-sheria nambari 71-016 ya tarehe 15 mwezi wa 3 mwaka wa 1971 inalinda mali ya utamaduni ya nchi, na kitu kinacholindwa hakivuki mpaka bila ruhusa. Makumbusho ya universite ikikamatwa inauzisha kitu kama hicho, hata kwa kutojua, jina lake limeharibika kwa miaka.

Tena kuko vitu vya uongo. Sanamu iliyochongwa mwezi uliopita, ikafukizwa moshi, ikazikwa mu udongo mchana na usiku, inatoka na sura ya miaka mia. Mafundi wetu wanajua kazi hiyo na mimi siwalaumu sana, juu wanunuzi wenyewe ndio wanataka uzee. Lakini ku meza ya makumbusho sanamu mpya iitwe mpya. Jina la mchongaji liandikwe, na mwaka.

Hiyo itasaidia pia ku mpaka. Mgeni aliyenunua sanamu na kuibeba kupitia Ruzizi ao Grande Barrière anaweza kusimamishwa na kuulizwa ni kitu gani hiki. Waandalizi wamwandikie karatasi moja yenye kachet ya universite: kazi mpya, jina la mchongaji, nambari ya ku buku, bei, tarehe, na picha ndogo ya kitu chenyewe ikiwa imebandikwa pembeni. Nakala moja ibaki mu faili ya makumbusho.